MAMBO YA NYUMBANI: Picha za Flashi Katika Simu ya Mama

Katika nyumba nyingi za kambi za askari nchini Uganda, ile albamu ya picha iliyokuwa ikiwekwa juu ya meza ya sebuleni ili mgeni aipitie huku akingoja chai imekwisha kutoweka. Mahali pake pameshikwa na kitu kidogo kisichozidi kidole gumba, nacho ni flashi. Ndani yake mna harusi, ubatizo, gwaride la kuhitimu mafunzo, na nyuso za wazee ambao pengine hawapo tena duniani. Lakini albamu ilifunguliwa kwa mkono tu, na flashi haifunguki kwa mkono.

Mke wa sajenti mmoja alilijua jambo hilo siku ya msiba. Mumewe alikuwa kazini Somalia, nchi ambayo askari wa Uganda wa kulinda amani walifika kwa mara ya kwanza mwezi Machi 2007. Habari ikaja kutoka kijijini kwamba mama mkwe amefariki, na ndugu wakataka picha ya marehemu iwekwe mbele ya jeneza. Picha za bibi huyo zilikuwa katika flashi moja tu, aliyoiacha sajenti kabatini. Kompyuta haikuwamo nyumbani, na basi la kwenda kijijini lilikuwa la alfajiri.

Kijana wa jirani aliichomeka flashi katika simu ya mama huyo. Badala ya picha, yakatokea maandishi kwamba flashi haisomeki na inapasa kutayarishwa.

"Mama, simu inaomba tuitayarishe. Nibonyeze?"

"Hebu ngoja, mwanangu. Kutayarisha maana yake ni kufanya nini?"

Kijana hakuwa na jibu. Mama akaichomoa flashi, akaifunga katika pembe ya kitambaa, akaenda kwa mwalimu wa shule ya kambi.

"Umefanya vyema kuuliza, mama," mwalimu alisema. "Kutayarisha huko ni kufuta. Ungalibonyeza, bibi angalipotea mara ya pili."

Sababu ya simu kushindwa haikuwa ubovu wa flashi. Kila flashi hupangwa ndani yake kwa utaratibu fulani, kama ghala inavyopangwa kwa rafu. Utaratibu uitwao FAT32 husomwa na simu karibu zote, ila haupokei faili moja inayofikia gigabaiti 4. Picha haifikii ukubwa huo, lakini filamu ya harusi yaweza kuufikia. Utaratibu wa exFAT hauna kikwazo hicho, na simu nyingi za siku hizi huusoma. Wa tatu ni NTFS, uliozoewa na kompyuta za Windows, na huo ndio unaozishinda simu nyingi. Flashi ya sajenti ilikuwa imepangwa kwa NTFS. Mwalimu aliifungua katika kompyuta yake bila taabu, akanakili picha zote katika flashi ya pili yenye FAT32, na simu ya mama ikaisoma mara moja.

Familia yenye flashi na simu yafaa izijue hatua zenyewe kabla ya siku ya haja.

Kwanza, itazamwe tundu ya kuchajia. Simu za miaka ya karibuni zina tundu ya USB-C, na za zamani zina ile ndogo ya micro-USB. Flashi ya kawaida ina kichwa kipana, kwa hiyo hutakiwa kiunganishi kifupi kiitwacho OTG, kiuzwacho kwenye maduka ya vifaa vya simu. Zipo pia flashi zenye vichwa viwili, zisizohitaji kiunganishi. Simu za Android zilianza kupokea flashi kwa njia hii tangu toleo la 3.1 la mwaka 2011, na iPhone tangu iOS 13 ya mwaka 2019. Hata hivyo si kila simu ya bei nafuu inayokubali.

Pili, simu iwe na chaji ya kutosha, kwani flashi hula umeme wa simu. Katika baadhi ya simu sharti OTG iwashwe kwanza kwenye Mipangilio, nayo hujizima yenyewe ikikaa bila kazi. Mtu asiharakie kusema flashi imekufa.

Tatu, ifunguliwe programu ya Faili na kuguswa jina la flashi. Picha zilizotoka katika kamera au simu nyingine mara nyingi hukaa katika folda iitwayo DCIM. Kuzitazama hakuhitaji kuzinakili, maana kila moja hufunguka ikiguswa.

Nne, anayetaka kunakili aishikilie picha moja kwa kidole mpaka ipate alama, kisha aziguse nyingine. Achague Nakili, wala asichague Hamisha, kwa sababu Hamisha huziondoa picha katika flashi. Halafu aende kwenye hifadhi ya simu, afungue folda, na kubandika. Nafasi ipimwe kabla: picha 500 zenye megabaiti 4 kila moja hutaka gigabaiti 2.

Tano, flashi isichomolewe kazi ikiendelea. Zifunguliwe kwanza picha mbili tatu zilizokwisha kuingia katika simu, kisha flashi iondolewe kwa kugusa alama ya Ondoa. Kuchomoa ghafula kwaweza kuharibu faili.

Lipo na jambo linalowahusu askari na polisi hasa. Picha iliyopigwa kwa simu yaweza kubeba ndani yake tarehe, saa, na hata mahali ilipopigwa, iwapo simu iliruhusiwa kuandika mahali. Anayenakili picha za nyumbani huku zimechanganyika na za kazini hunakili pia habari hizo, na watoto wakizituma kwa rafiki zao, habari husafiri nazo. Picha za familia zikae katika flashi yake peke yake. Na flashi iliyookotwa njiani isichomekwe katika simu wala kompyuta.

Mke wa sajenti aliliwahi basi la alfajiri. Picha ya mama mkwe ilichapishwa katika studio ya mjini, ikawekwa mbele ya jeneza, na nyingine akamtumia mumewe Somalia, ambaye hakuwahi kuja kuzika. Aliporudi kambini alifanya kazi moja zaidi: alizinakili picha zote katika flashi nyingine, akaipeleka kwa dada yake anayekaa mbali na kambi. Flashi hupotea, huvunjika, na chembe zake huchakaa kwa miaka. Nakala moja si akiba. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.