Ekografi si ya kujua mtoto wa kiume au wa kike tu: tuulize kondo limekaa wapi

Hapa Mongbwalu, mama akirudi kutoka kupiga ekografi, anakutana na swali moja mlangoni: "Mutoto ni mwanaume ao mwanamuke?" Mume anauliza, mama mkwe anauliza, hata jirani. Hakuna anayeuliza kondo la nyuma limekaa wapi. Kwa maoni yangu, hilo ndilo swali lenye uzito, kwa sababu linagusa uhai wa mama mwenyewe.

Nilijifunza hayo nyumbani kwetu. Mke wa kaka yangu alikuwa na mimba ya miezi 5 alipoleta karatasi ya Kifaransa yenye mstari mmoja: kondo limekaa chini. Aliyempiga picha hakumweleza kitu. Shangazi mmoja akasema mtoto amekwisha potea. Mwingine akasema kuna mtu amemfunga. Kaka akauza dhahabu kidogo aliyokuwa ameweka ili ampeleke Bunia haraka, na wiki ile barabara haikupitika. Tulilia ndani ya nyumba kama watu walio na msiba. Mwezi wa 8 alipopigwa picha ya pili, kondo lilikuwa limepanda. Alizaa hapa hapa, bila kupasuliwa.

Je, picha ya kwanza ilikosea? Hapana. Sisi ndio tulioisoma vibaya. Katika mwezi wa 5 mji wa mimba bado ni mdogo. Kadiri mimba inavyokua, sehemu yake ya chini inanyooka, na kondo linaenda mbali na mlango wa kizazi. Kati ya wamama 10 wanaoambiwa mapema kwamba kondo liko chini, karibu 9 wanafika mwisho wa mimba tatizo limekwisha. Hata kibofu kilichojaa mkojo kupita kiasi kinaweza kukandamiza na kufanya kondo lionekane chini kuliko lilivyo.

Kwa hiyo maneno "kondo limekaa chini" peke yake hayatoshi. Lazima yaende pamoja na mambo matatu: mimba ina wiki ngapi, ukingo wa kondo uko milimita ngapi kutoka mlango wa kizazi, na siku ya kurudi. Likiwa chini ya milimita 20, linahesabiwa kuwa liko chini. Likifunika mlango, hiyo ni hatari nyingine kubwa zaidi. Kawaida mama anarudi kwenye wiki ya 32, na kama bado, kwenye wiki ya 36. Pale ambapo kuna kifaa cha kupimia kwa njia ya uke, kinaonyesha vizuri zaidi na hakidhuru. Wababa tusikikatae kwa ajili ya aibu.

Lakini yule 1 kati ya 10 naye yupo. Kama kondo bado limefunika mlango mwishoni mwa mimba, mama huyo hawezi kuzaa kwa njia ya kawaida. Damu inaweza kutoka ghafla, nyingi, bila maumivu yoyote. Akifika kituoni anatoka damu, asipimwe kwa vidole kabla ya kujua kondo liko wapi, maana kidole kinaweza kufungua damu isiyosimama.

Kuna pia wamama waliokwisha kupasuliwa. Kondo likikaa chini, juu ya kovu la zamani, linaweza kuzama ndani ya nyama ya mji wa mimba na kukataa kutoka. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2006 ulionyesha kwamba kwa wenye kondo lililofunika mlango, hilo linawapata asilimia 11 ya waliopasuliwa mara 1, asilimia 40 ya waliopasuliwa mara 2, na asilimia 61 ya waliopasuliwa mara 3. Mama kama huyo anahitaji damu iliyo tayari na daktari mpasuaji mwenye uzoefu. Asingoje uchungu umkute machimboni.

Na tusiiabudu mashine. Kondo linaweza kubanduka kabla ya wakati: tumbo linakuwa gumu kama ubao, linauma sana, na damu pengine inabaki ndani. Hapo ekografi mara nyingi haionyeshi kitu. Picha safi isimrudishe mama huyo nyumbani.

Watu wengi wa kwetu wanasema dawa ni kuleta mashine nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mama apate ekografi moja kabla ya wiki ya 24, nami nakubali. Ila kuna utafiti uliofanyika katika nchi 5, nchi yetu ikiwemo, pamoja na Kenya, Zambia, Pakistan na Guatemala. Wauguzi na wakunga wa vijijini walifundishwa kupiga ekografi, mara mbili kwa kila mimba. Matokeo yalitoka mwaka 2018: vifo vya wamama na watoto havikupungua kuliko sehemu ambako mashine hazikupelekwa. Mimi naona sababu iko wazi. Mashine inaonyesha tu. Haina damu ya kuongezea mtu, haipasui, haifungui barabara.

Sisi wa Mongbwalu tunaijua barabara hiyo. Bunia iko zaidi ya kilomita 80, na mara ngapi watu wenye silaha wameifunga? Mama anayeanza kutoka damu usiku hana muda wa kungoja msafara. Kwa hiyo faida ya ekografi kwetu ni kutupa wiki za kujipanga: kutafuta ndugu wa kufikia karibu na hospitali, kuweka pesa pembeni, kujua ni nani atatoa damu.

Ninaomba mambo mawili. Wanaopiga ekografi, wa serikali na wa binafsi, waandike kwenye fishi ya CPN wiki, milimita na tarehe ya kurudi, kisha wamweleze mama kwa Kiswahili au kwa lugha anayoisikia. Zoni ya afya iwakague kwa hilo.

Na sisi wababa, wamama wakwe na mashangazi, tubadilishe swali la mlangoni. Kiume au kike tutajua siku ya kuzaliwa. Leo tuulize: "Kondo liko wapi, na unarudi lini?"