Kaske ya Iron Man ya karto: akili ya vijana ni mali, lakini ku moto haichungi kichwa

Katika mtaa wa Katuba, hapa Lubumbashi, kijana mmoja wa miaka 16 alitengeneza kaske ya Iron Man kwa mikono yake. Alichukua karto mbili za duka, kole, unga wa muhogo na rangi mbili za bombe, nyekundu na ya zahabu. Kazi ilimchukua siku tisa. Watoto wa avenue nzima walikuja kuangalia. Kiisha yaya yake, ambaye ni manseba, akaivaa na kupanda nayo moto. Hapo ndipo mchezo uligeuka jambo la hatari.

Jamaa imekubali tueleze kisa hiki, ila imeomba tusitaje majina. Tunakieleza kwa sababu kinagusa watu wengi kuliko nyumba moja.

Mambo yalipita namna gani

Yaya hakuwa na kaske. Ile aliyokuwa nayo mbele ilivunjika kamba, kiisha ikaibwa. Siku hizo polisi wa barabarani walikuwa wanasimamisha wamanseba wasio na kaske. Mdogo wake akamwambia: "Yaya, vaa hii yangu. Kwa mbali wataona kaske tu, hawatakusimamisha."

Na kweli, siku mbili hawakumsimamisha. Wengine walicheka, wengine walimpigia mikono, na wateja walimpenda. Siku ya tatu, jioni, mvua kidogo imetoka kunyesha, moto iliteleza kwenye mchanga wa kona. Hakuwa anakimbia sana. Kaske ilipasuka sawa ganda la yai. Yaya alishonwa nyuzi sita juu ya jicho. Mama yao alituambia maneno machache tu: "Nashukuru Mungu. Kama ni gari ilikuwa nyuma, leo tungekuwa kwenye matanga."

Kijana mdogo alilia kuliko yule aliyeumia. Aliona kosa ni lake. Sisi tunaona kosa si la mtoto, na tutaeleza kwa nini.

Iron Man ni nani, na kwa nini kaske yake?

Wazazi wengi wanaona picha hizi kwenye simu za watoto bila kujua zinatoka wapi. Iron Man ni shujaa wa vitabu vya picha vya Marekani. Alitokea mara ya kwanza mwaka 1963, katika gazeti la picha lililoitwa Tales of Suspense, namba 39. Dunia nzima ilimjua zaidi kwa filme ya mwaka 2008, ambamo Robert Downey Jr. anacheza Tony Stark, tajiri anayetengeneza silaha.

Ndani ya filme ile, Tony Stark anatekwa na kufungiwa pangoni. Huko ndani anatengeneza vazi lake la kwanza la chuma kwa vipande vya silaha zilizokuwa hapo. Hakuzaliwa na nguvu ya ajabu. Nguvu yake ni akili, moto na nyundo. Ndiyo maana vijana wanaopenda kufungua radio na kuzifunga tena wanajiona ndani yake.

Tangu filme ile, watu wengi sana Marekani, Ulaya na Asia wameanza kutengeneza kaske hii nyumbani. Wengi wanapita njia moja ya hizi tatu.

Ya kwanza ni ya karatasi. Kuna programu ya Japani inayoitwa Pepakura, ambayo inachukua umbo la kompyuta na kulifungua kuwa vipande bapa, sawa vile unafungua karto ya sabuni. Unachapisha, unakata, unakunja, unagandisha. Kiisha unapakaa rezini nje, unaweka kitambaa cha nyuzi za kioo ndani, unajaza mashimo kwa masitiki ya watolie, unasugua kwa msasa, unapaka rangi.

Ya pili ni ya povu linaloitwa EVA, ambalo ni ndugu ya lile la kambambili nyingi tunazovaa. Ukilipasha moto linakunjika, likipoa linabaki na umbo ulilolipa.

Ya tatu ni printa ya 3D, mashine inayojenga kitu kwa plastiki, tabaka juu ya tabaka. Hii si mchezo wa nyumbani peke yake. Katika filme Black Panther ya mwaka 2018, taji la malkia Ramonda lilitengenezwa kwa printa kama hiyo, kwa kufuata kofia ya wanawake wa Kizulu. Ruth E. Carter, aliyeongoza kazi ya mavazi ya filme hiyo, alipewa Oscar mwaka 2019.

Kijana wetu wa Katuba hakuwa na printa wala rezini. Alipima kichwa kwa kamba, akachora vipande kwa jicho akiangalia picha kwenye simu, kiisha akapaka tabaka tatu za karatasi ya gazeti na kole ya unga wa muhogo. Kwa macho ya simu yake ndogo, ni kazi kubwa.

Hatari mbili zilizojificha

Hatari ya kwanza iko kwenye dawa za kazi. Vijana wengine wanaomba rezini na masitiki kwa watolie wa garage, wanaenda kufanya kazi ndani ya chumba cha kulala. Rezini ya poliesta inatoa harufu ya stirini. Inauma macho na koo, inaleta kichwa kuuma na kizunguzungu, na inawaka moto kwa upesi. Ile dawa ndogo ya kuikausha ni kali zaidi: tone moja ndani ya jicho linaweza kulipofusha. Ukiizidisha, rezini inachemka yenyewe mpaka inatoa moshi. Vumbi la nyuzi za kioo nalo linawasha ngozi na kuumiza mapafu. Kitambaa mdomoni hakizuii harufu hiyo. Kwa mtoto, jibu ni fupi: rezini hapana. Kole ya muhogo na gazeti inatosha, na haimuui mtu.

Tusisahau taa za macho. Wengine wanatoa betri za simu zilizokufa na kuzifunga karibu na uso. Betri ya simu ikitobolewa, au nyaya zake zikigusana, inaweza kuwaka. Afadhali mawe ya radio.

Hatari ya pili ndiyo iliyomshona yaya nyuzi sita. Kaske ya moto na kaske ya filme zinafanana kwa nje tu. Kaske ya kweli ina vitu vitatu vinavyofanya kazi pamoja. Ganda gumu la nje linateleza juu ya lami na kugawanya pigo. Chini yake kuna povu nene jeupe, la ukoo mmoja na lile linalokuja ndani ya karto ya televizio. Povu hilo linapondeka, na katika kupondeka linakula nguvu ya pigo kabla haijafika kwenye ubongo. Cha tatu ni kamba ya kidevu, bila hiyo kaske inaruka peke yake na kichwa kinabaki.

Kwa sababu povu linapondeka mara moja tu, kaske iliyokwisha kuanguka vikali haina kazi tena, hata kama nje inang'aa. Wanaonunua kaske za zamani sokoni wajue hilo.

Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja na Cochrane zinaonyesha kwamba kwa mpanda moto anayepata ajali, kaske inapunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69. Lakini hesabu hiyo ni ya kaske ya kweli. Karto haimo. Hata kaske ya Iron Man ya plastiki ngumu, ile ya bei kali huko Marekani, haimo. Tena yenyewe inafunga macho pembeni: dereva haoni gari inayokuja ubavuni, na pumzi yake inatia ukungu mbele.

Kaske ya polisi na kaske ya kichwa

Sasa tuulize swali lenyewe. Kwa nini mtu mzima alivaa karto? Si kwa kukosa akili. Alivaa kwa sababu aliogopa kusimamishwa kuliko kuanguka. Kwa wamanseba wengi kaske imekuwa sawa karatasi ya kuonyesha polisi. Ikionekana kwa mbali, imetosha.

Angalieni vizuri barabarani. Wangapi wanavaa kofia za plastiki za chantier au za mine? Kofia ile ilitengenezwa kwa jiwe linaloanguka kutoka juu. Haikutengenezwa kwa mtu anayetupwa kwenye lami. Wangapi wana kaske imefungwa kwenye usukani, inavaliwa tu wakimuona polisi? Na abiria nyuma, mama na mtoto mgongoni, je, yeye ana nini kichwani? Kaske ya karto ya Katuba imetuchekesha, lakini inatuonyesha uso wetu wenyewe.

Kama msako unahesabu vichwa vilivyofunikwa bila kuangalia vimefunikwa na nini, basi tutaendelea kuona maigizo. Na kama kaske nzuri inakula mapato ya siku nyingi za kazi, kumwambia manseba "nunua" peke yake haitoshi. Vyama vya wamanseba vina makoto, vina michango, vina kamati. Vingeweza kununua kaske nyingi kwa pamoja na kukata pesa kidogo kidogo kwa kila mwanamemba. Huo si muujiza. Ni likelemba ile ile tunayoijua.

Kijana asivunjwe mikono

Baada ya ajali, mjomba mmoja alitaka kuchoma vitu vyote vya kijana. Jirani mwingine alisema vinyago vile vina mambo ya giza. Hapa tunaomba wazazi watulie.

Nchi hii inajua kazi ya kufunika kichwa kwa maana tangu zamani. Waluba na Wasongye wana bifwebe, vinyago vyenye mistari vinavyojulikana dunia nzima. Kule Tervuren, Ubelgiji, kuna kinyago cha Waluba chenye pembe mbili, kinachovaliwa sawa kaske. Kilichukuliwa huku wakati wa ukoloni, na leo wazungu wanalipa tiketi kukiangalia.

Hata leo, hapa hapa Lubumbashi, Jean Katambayi Mukendi, aliyesomea umeme, anajulikana mpaka Ulaya kwa mashine zake za karto, nyaya na vipande vya umeme vilivyotupwa. Kinshasa nako, kundi Ndaku ya la vie est belle, pamoja na Eddy Ekete, wanashona mavazi ya mwili mzima kwa makopo, matairi na nyaya, na kutembea nayo barabarani kusema juu ya uchafu wa mji na mali ya nchi inayoondoka. Hawakuiga shujaa wa Marekani. Walitoa wao, kutoka kwa takataka za kwao.

Hilo lina maana ya pesa pia. Iron Man ana mwenyewe: ni wa Marvel, na Marvel ni ya Disney tangu mwaka 2009. Kutengeneza kaske ya kucheza nyumbani ni kitu kimoja. Kufungua biashara ya kuuza sura ya mwenzako ni kingine. Kijana akibuni shujaa wake mwenyewe, kazi ni yake, na hata sheria yetu ya mwaka 1986 juu ya haki za watunzi inamchunga yeye.

Tena kuna jambo la kuchekesha na la kuumiza. Kobalti iliyo ndani ya betri za kompyuta nyingi zinazochora kaske zile inatoka kwa sehemu kubwa hapa kwetu, Katanga. Sisi tunatoa jiwe, wengine wanatoa shujaa, kiisha mtoto wetu anamwiga kwa karto. Tusimkasirikie mtoto. Tumuulize angehitaji nini ili atengeneze zaidi ya karto.

Tuonaje sasa

Kwa wazazi: mwacheni mtoto ajenge, mahali penye hewa, bila rezini, na kisu kikali kishikwe na mkubwa. Kaske ya mchezo ivaliwe dakika chache, hasa mwezi wa kumi jua likikaza, na mtoto mdogo asivalishwe peke yake. Kwa walimu: somo la vipimo na maumbo liko pale ndani, karto haina bei. Kwa wamanseba: kamba ya kidevu ifungwe, kila safari, hata ya dakika tano. Kwa polisi: gongeni kaske kwa kidole, mtasikia kama ni ya karto.

Tulirudi Katuba wiki iliyopita. Yaya ana kovu, na ana kaske mpya aliyokopeshwa na rafiki mpaka apate yake. Mdogo wake ameanza kazi nyingine. Safari hii si Iron Man. Ni mtu wa mine, mwenye taa moja kwenye paji la uso. Hakijakauka bado. Ndani, mahali paji linagusa, ameandika kwa bic: "Ya kucheza. Si ya moto."