Vijana wa Mwanza wanagombea meza zinazoondolewa

Mwanzoni mwa mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596 za kazi. Maombi yakapita 135,000, maana yake kila kiti kiligombewa na watu zaidi ya 80. Nchi nzima ikazungumzia wingi wa waombaji, na aina ya kazi zenyewe ikatupita. Kuingiza taarifa, kukagua stakabadhi, kukata tiketi, kuhesabu fedha dirishani: kazi za meza ambazo wahitimu wetu wanaziota ndizo mashine inazimudu kwanza.

Mwanza hatuna haja ya kusimuliwa ya Ulaya. Mvuvi wa dagaa aliyekuwa akiingia ziwani usiku na karabai sasa anabeba taa za sola. Karabai ilikuwa na watu wake: muuza mafuta ya taa mwaloni, muuza tambi, fundi wa kuzibua sindano na kubadili pampu. Taa ya sola haina sindano ya kuzibua. Fundi aliyewahi kujifunza betri na nyaya ana la kufanya. Aliyengoja karabai zirudi anangoja bado.

Tazama pia Kigongo na Busisi. Jiwe la msingi la daraja linaloziunganisha liliwekwa Desemba 2019, na daraja likazinduliwa Juni 2025. Miaka mitano na ushee ilikuwepo ya kuwaandaa waliokuwa wakiwauzia karanga na mahindi ya kuchoma abiria waliosubiri kivuko. Daraja tulilihitaji, hilo halina ubishi. Waliowahi kukwama pale usiku na mgonjwa wanajua. Tunachouliza ni nani alikaa na wachuuzi hao wakati nguzo zikipanda mbele ya macho yao.

Sasa inakuja reli ya SGR ya Mwanza–Isaka, kilomita 341. Kati ya Dar es Salaam na Dodoma, treni ya umeme ilipoanza mwaka 2024, abiria aliweza kukata tiketi kwa simu. Kijana wa Nyegezi anayeota dirisha la tiketi amechelewa. Reli itamtaka anayejua nyaya za umeme na mitambo ya ishara.

Akili mnemba nayo imeshaingia vyuoni. Mwanafunzi anayeiachia imwandikie kazi yote ya darasani atamwambia nini mwajiri anayeweza kuipata hiyohiyo bila kulipa mshahara? Na wazazi tunaowahimiza watoto watafute kazi ya ofisini, ofisi ipi hasa tunayoizungumzia?

Wanafunzi walioanza mkondo wa amali kidato cha kwanza mwaka 2024 watamaliza kidato cha nne mwaka 2027. Hawa hawapaswi kutukuta tumelala. Halmashauri za Jiji na Ilemela, VETA, Shirika la Reli na wenye viwanda vya minofu ya sangara wakae meza moja mwaka huu, waandike wazi wanahitaji mafundi gani na wangapi, kisha orodha ibandikwe kwenye kila shule ya sekondari. Mwenye kiwanda ambaye chumba chake cha baridi kikiharibika analazimika kuita fundi kutoka Dar es Salaam, aanze yeye kusema.