Namba za Siri za Magari na Mipaka ya Jirani

Magari mengi ya Kenya na Uganda ni mitumba ya Japani. Mengi yana kinga ya wizi: ufunguo hubeba namba ya siri, nayo kompyuta ya injini huitambua. Kompyuta hiyo ikifa na kuwekwa nyingine, injini haiwaki mpaka namba zipatanishwe, kazi ambayo fundi mwaminifu na mwizi huifanya kwa chombo kile kile.

Ulaya, kwa kanuni ya 2021, imekubali mafundi wasio wa kiwanda wapewe habari hizo, mradi wahakikiwe kwanza. Huku hatuoni mpango kama huo. Basi askari wa Malaba akikuta kompyuta yenye namba ya chesisi isiyolingana na ya bodi, asiharakishe pingu. Aitake kwanza hati ya gereji.