Karakana Haiingii Simuni: Mafunzo Mseto ya Ufundi na Sauti ya Mkufunzi

Mwezi Machi mwaka 2020, serikali ilipovifunga vyuo nchini kwa sababu ya janga la Korona, binamu yangu alikuwa katika muhula wake wa kwanza wa kujifunza uchomeleaji wa vyuma katika chuo kimoja cha ufundi. Wiki chache baadaye alitumiwa kitini kirefu katika simu yake, chote kwa Kiingereza, akaambiwa kwamba hayo ndiyo mafunzo ya mtandaoni. Alikisoma mara mbili. Chuo kilipofunguliwa, alikishika kijiti cha kuchomelea kana kwamba ameshika kalamu, na bati likatoboka papo hapo.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kweli uhunzi haukuisha. Tangu wakati huo mafunzo mseto, yaani yale yanayochanganya masomo ya mtandaoni na ya ana kwa ana, yamekuwa gumzo la wadau wa elimu ya kiufundi. Sina ugomvi na mseto. Ugomvi wangu ni na mpango unaoanza kwa kuuliza ni vitini gani vipandishwe mtandaoni, kabla ya kuuliza mwanagenzi atafanya nini kwa mikono yake, na ni nani atakayemweleza, na kwa lugha gani.

Hebu, ndugu msomaji, tuingie karakanani. Mkufunzi aliyesimama nyuma ya mwanagenzi hasemi Kiingereza cha kitini. Husema: "Sikiliza! Ikilia kama andazi ndani ya mafuta, uko sawa. Ikipasuka-pasuka na kurusha cheche, umeinua mkono. Ikinata, umekaribia mno." Katika maneno hayo machache mna somo zima la umbali kati ya kijiti na chuma, somo ambalo kitini hulieleza kwa milimita. Kiswahili hicho hakimo katika silabasi wala katika mtihani, lakini ndicho kinachobeba somo. Somo likipelekwa mtandaoni, kinachosafiri ni kitini. Sauti ya mkufunzi hubaki nyuma. Mwanagenzi basi hupoteza mawili kwa mpigo: mkono wa kuiga na lugha ya kuelewa. Tusisahau kwamba vyuo vya ufundi vya kaunti, vile ambavyo Katiba ya mwaka 2010 inavitaja kama vyuo vya ufundi vya vijijini, huwapokea hata vijana walioishia darasa la nane.

Mpango wa busara ungeanzia kwenye meza ya kazi na kurudi nyuma. Yapo mambo ambayo jicho na sikio hutosha kuyapokea: kanuni za usalama, usomaji wa michoro, hesabu za vipimo, majina ya zana. Hayo na yaende simuni, kwa sauti fupi na video nyepesi ambazo hazitamaliza bando la siku moja. Video yenyewe ipigwe kutoka nyuma ya bega la fundi, kwa maana anayemtazama fundi kwa mbele huona kulia kuwa kushoto. Kamera iwekewe kioo cheusi cha barakoa ya kuchomelea, la sivyo mtazamaji ataona mwanga mtupu. Haya ni mambo madogo, lakini asiyewahi kusimama karakanani hawezi kuyakumbuka akiwa ofisini. Kisha siku za karakana zipangwe mfululizo, ili mwanagenzi wa mbali alipe nauli mara moja, na zote ziwe za mikono. Maelezo ameshayasikiliza nyumbani. Na saa za mkufunzi za kurekodi zihesabiwe kuwa kazi. Kumwambia arekodi usiku baada ya vipindi vyake ni kumwonea.

Masomo ya mbali si mageni kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1960, kituo cha elimu ya watu wazima kule Kikuyu kilianza kuwafunza walimu wa shule za msingi kwa posta na redio. Mwalimu yule alisoma usiku, na asubuhi alikuwa na darasa la kujaribia alichosoma. Binamu yangu hakuwa na mashine ya kujaribia. Ndiyo maana naona kila mwanagenzi wa mseto apewe fundi wa jua kali karibu na kwao, mwenye mashine na subira, naye fundi huyo alipwe chochote kwa kazi hiyo. Huko nako, katika miji yetu mingi, lugha ni Kiswahili.

Wapo watakaosema kwamba soko la ajira lataka Kiingereza, na kwamba vibandiko vya mashine vimeandikwa kwa lugha hiyo. Ni kweli. Jina la Kiingereza na libaki, mwanagenzi alijue na kuliandika katika mtihani. Lakini kulijua jina si kuujua ufundi, na tathmini ya umilisi tunayoisifia leo huuliza mtu anaweza kufanya nini. Picha ya kiungo kilichochomelewa vizuri haisemi ni mkono wa nani uliokichomelea. Mwanagenzi akieleza kwa sauti yake, kwa Kiswahili, kwa nini alipunguza moto hapa na kuharakisha pale, mkufunzi atamjua mara moja.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna deni hapa. Tumezoea kuunda istilahi tukiwa maktabani, kisha tukashangaa hazitumiki. Kamusi hutupa "kulehemu". Fundi husema "kuchomelea", na ana maneno mengine ambayo hatujayasikia. Napendekeza chama chetu kiwatume wanachama kumi likizo ijayo, wakiwa na simu za kurekodia, waketi katika karakana za vyuo vilivyo karibu nasi na kuyaandika maneno hayo kama yanavyosemwa, kisha wawapelekee wakufunzi wanaotayarisha masomo ya simu. Mimi nimeshajiandikisha. Nafasi tisa zimebaki.