Gari halijazeeka, ni hamkupima

Nimechoka na sentensi moja: "Hiyo gari imezeeka, ivumilie tu." Wiki jana niliambiwa hivyo mara tatu mjini Meru, na mara zote tatu haikuwa kweli.

Kisa ni hiki. Peugeot 504 ya mzee wetu, Pijo ya kabureta na pointi, iliingia gereji Embu kwa sevisi ya kawaida ikinguruma vizuri kabisa. Ikatoka na plagi mpya, pointi mpya, kondensa mpya na kofia mpya ya distributa. Tulipofika Runyenjes ikawa inatetemeka kila nikiachilia mafuta. Kwenye mteremko wa Thuchi ikazima. Tuliingia Meru mguu wangu ukiwa bado juu ya mafuta hata tuliposimama.

Fundi wa kwanza alisikiliza dakika moja, akashika bisibisi, akazungusha skrubu za kabureta. "Hewa ya huku ni nyepesi, kijana." Jamani! Embu iko kama mita 1,350 juu ya bahari, Meru mjini kama 1,550. Hewa hupungua kwa karibu asilimia 1 kila mita 100. Asilimia 2 haizimi injini. Kama tungetoka Mombasa, ningemwelewa. Wa pili akazungusha skrubu zile zile. Wa tatu akasema tununue kabureta nyingine.

Sisi waandishi wa programu tuna swali letu la kwanza: ni nini kilichoguswa mwisho? Programu ikifanya kazi jana na kukwama leo, huanzi kwa kulaumu umri wa kompyuta. Unaangalia mistari iliyobadilishwa jana. Kule Embu kabureta haikuguswa. Kilichoguswa ni upande wa moto wa plagi.

Basi nikafungua kofia ya distributa na kuingiza geji. Mwanya wa pointi unatakiwa uwe kama milimita 0.4. Niliokuta haukufika 0.2. Mtu alizifunga kwa kukadiria na macho! Mwanya ukiwa mdogo hivyo, pointi hukawia kufunguka, cheche hutoka ikiwa dhaifu na imechelewa. Ukikanyaga mafuta huenda usigundue. Ukiachilia, injini inatetemeka.

Na kuna utaratibu hapa, si hiari: mwanya kwanza, taimingi pili, kisha uhakikishe hakuna paipu ya hewa iliyochomoka, kabureta mwisho. Mwanya ukibadilika, taimingi inahama nao. Anayeanza na kabureta anaficha kosa moja kwa kuongeza jingine.

Nilipoweka mwanya na taimingi sawa, Pijo ilitulia, lakini si sana. Kwa nini? Kwa sababu skrubu za kabureta zilikuwa zimeshavurugwa mara mbili, na hakuna aliyeandika zilikuwa wapi mwanzoni. Jumamosi yangu nzima ilikwisha nikizitafutia mahali pake. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hafuti faili bila kuweka nakala. Nakala ya kabureta haigharimu kitu: funga skrubu polepole mpaka iguse, ukihesabu mizunguko, andika hesabu, irudishe ilipokuwa. Ndipo uanze kucheza nayo.

Sisemi mafundi ni wajinga. Mikono yao inajua mambo ambayo mimi sitayajua kamwe. Sisi wenye magari ndio tuliowafundisha tabia hii. Spea tunalipia bila kelele, lakini fundi akisema "nipe mia tano nipime kwanza", tunamwona mwizi. Basi anatupa tunachokubali kulipia: vitu vipya, vilivyofungwa kwa kubahatisha.

Hasara yake ni kubwa. Mzee alikuwa ameanza kutafuta mnunuzi wa gari alilotunza miaka yote, gari la aina iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson. Angeliuza kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu ya mwanya mwembamba kuliko ukucha.

Sasa inanguruma. Mzee ameacha kutafuta mnunuzi.

Wewe ukiambiwa gari lako limezeeka, usibishane. Uliza tu: nani aligusa nini mwisho, na alipima kwa kifaa gani? Asipokuwa na jibu, mwombe aweke bisibisi chini.