Simiyu na Haja ya Kiwanja cha Ndege Ndogo

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, uliandaa Maonesho ya Kitaifa ya Nanenane katika viwanja vya Nyakabindi, Bariadi, kwa miaka mitatu mfululizo, 2018 hadi 2020. Mgeni aliyesafiri kwa ndege ya abiria alishukia Mwanza, kisha akamalizia safari kwa gari.

Kwa njia ya anga, Mwanza na Bariadi zimetengana kwa takriban kilomita 120. Ndege ya injini moja iendayo kilomita 200 kwa saa huhitaji dakika zisizozidi 40. Hata hivyo, ufupi wa safari haupunguzi maandalizi. Rubani anayeongozwa na macho yake hupaswa kupata taarifa za hali ya hewa, kuwasilisha mpango wa safari na kubeba mafuta ya akiba ya dakika 30. Ukanda huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi na joto la mchana huilazimu ndege kutumia njia ndefu zaidi kuruka.

Kwa hiyo, kiwanja hakipimwi kwa fahari ya mkoa, bali kwa urefu wa njia ya kurukia, uzio wa kuzuia mifugo na upatikanaji wa mafuta. Mambo hayo yakikamilika, watakaonufaika si wageni wa maonesho pekee: wamo pia mgonjwa wa dharura, askari wa doria katika Pori la Akiba Maswa na mnunuzi wa pamba ya mkulima wa Simiyu.